Kutoka "Mgumba" hadi "Hajajaaliwa": Historia ya Uelewa na Mitazamo ya Wanawake kuhusu Matibabu ya Ugumba nchini Uganda na Nchi Jirani

Ikisiri

Mijadala ya sera za afya ya uzazi katika Afrika Mashariki huichukulia mitazamo ya wanawake kuhusu matibabu ya ugumba kama zao la ukosefu wa elimu. Makala haya yanapinga dhana hiyo kwa kufuata historia ya karne moja na zaidi, Uganda ikiwa kitovu na nchi jirani zikiwa kipimo cha ulinganishi. Yanaonyesha kwamba wanawake wamekuwa watafutaji hodari wa tiba tangu zama za mahekalu ya mizimu hadi zama za maabara, na kwamba kusita kwao mbele ya tiba rasmi kuna sababu za kihistoria zinazoweza kutajwa: uchunguzi wa lazima wa enzi za ukoloni, lawama kumwelekea mwanamke peke yake, ukimya wa sera za uzazi wa mpango, gharama, na lugha yenyewe. Kwa kuwa Kiswahili sasa kinapewa nafasi rasmi katika nchi za ukanda huu, makala yanahoji istilahi zinazotumika na kupendekeza misingi ya kuziteua.

1.0 Utangulizi

Shirika la Afya Duniani hutafsiri ugumba kuwa hali ya kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Katika ripoti yake ya Aprili 2023, shirika hilo lilikadiria kwamba takriban asilimia 17.5 ya watu wazima duniani, yaani mtu 1 kati ya 6, hukumbana na hali hiyo katika kipindi fulani cha maisha. Ripoti hiyo ilisisitiza pia kwamba kiwango hakitofautiani sana baina ya nchi tajiri na nchi maskini. Kinachotofautiana ni uwezo wa kupata matibabu, pamoja na uzito wa adhabu ambayo jamii humpa asiyezaa.

Katika nchi zetu adhabu hiyo humwangukia mwanamke kwanza. Hollos na Larsen, katika utafiti wao wa mwaka 2008 kuhusu kaskazini mwa Tanzania, walionyesha jinsi hadhi ya mwanamke katika ndoa na katika ukoo inavyofungamana na umama, hata mjini ambako elimu na ajira zingetarajiwa kulegeza kifungo hicho. Hata jina la heshima hutoka kwa mtoto: anayeitwa Mama Asha leo aliitwa kwa jina lake la usichana hadi Asha alipozaliwa. Buganda inakwenda mbali zaidi, kwani wazazi wa pacha hupewa vyeo vya Nnalongo na Ssalongo, wakavibeba maisha yao yote. Basi asiyezaa hukosa mtoto, na pamoja naye hukosa jina la kuitwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba mtazamo wa mwanamke kuhusu matibabu hauwezi kueleweka kwa kumuuliza tu kama anajua mirija ya uzazi iko wapi. Ni lazima tuulize pia ni matibabu gani yaliwahi kumfikia yeye, mama yake na bibi yake, yaliletwa na nani, kwa masharti gani, na kwa maneno gani.

2.0 Mzizi mmoja katika lugha nyingi

Mtafiti wa lugha anayevuka mipaka ya ukanda huu hukutana na neno lilelile kila anapopiga hodi. Waganda husema omugumba. Wanyankore na Wakiga husema engumba. Wanyarwanda husema ingumba. Waswahili husema mgumba. Mtawanyiko huo unaashiria kwamba mzizi huu ni wa kale sana katika lugha za Kibantu na kwamba jamii hizi zilikuwa na jina la asiyezaa kabla hazijatengana. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba ugumba ni tatizo lililovumbuliwa na hospitali.

Hata hivyo, jina moja halimaanishi mtazamo mmoja. Luganda na Kiswahili huliweka neno hili katika ngeli ya watu, ilhali Kinyarwanda na Kinyankore huliweka katika ngeli ambayo ina wanyama wengi. Ni vyema tusiharakishe kusema kwamba ngeli hiyo ni tusi, kwa kuwa Kinyarwanda humweka humohumo rafiki, yaani inshuti. Lililo muhimu zaidi ni kwamba katika lugha zote hizi neno ni nomino. Nomino humfanya mtu kuwa ile hali yenyewe. Mwenye homa huitwa mgonjwa akipona akaacha kuitwa hivyo, lakini anayeitwa mgumba huchukuliwa kuwa ameshahukumiwa. Katika Kiswahili, umbo lilelile husikika katika kidole gumba, kidole kinachosimama mbali na vingine vinne, na msikilizaji hahitaji kuwa mwanaisimu ili upweke huo umfikie.

Kiswahili kina neno la pili, tasa, ambalo hutumika kwa mwanamke na kwa mnyama pia. Watafsiri wa Biblia walilichagua neno hilo kwa Sara, Raheli, Hana na Elisabeti, ilhali Biblia ya Kiganda ya mwaka 1896 ilimwita Sara mugumba, na ile ya Kinyarwanda ikamwita ingumba. Uteuzi huo ulikuwa na athari. Msomaji wa Kiswahili alizoea kulisikia tasa katika simulizi ambazo kwazo Mungu hufungua tumbo lililofungwa, na Mwislamu naye alikuwa na kisa cha Nabii Zakaria na mkewe kinachofundisha jambo hilohilo. Dini zote mbili, basi, ziliweka pembeni ya neno gumu tumaini la muujiza. Tumaini hilo limewapa wanawake wengi subira. Limewafanya pia baadhi yao waione hospitali kuwa mlango wa mwisho, unaobishwa pale tu maombi yanapoonekana kuchelewa.

Rhiannon Stephens, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu historia ya umama nchini Uganda, anatumia ushahidi wa lugha kuonyesha kwamba umama katika jamii za kaskazini mwa Ziwa Nyanza ulikuwa taasisi ya kijamii na kisiasa, wala haukuwa tendo la kuzaa peke yake. Cheo cha Nnamasole, mama wa Kabaka, ni mfano ulio wazi: aliyekishika akifariki, mwanamke mwingine wa ukoo wake aliteuliwa kukirithi. Mantiki ya jamii iliweza kumfanya mwanamke kuwa mama bila uchungu wa uzazi. Jambo hili lina uzito kwa mjadala wa leo, kwa sababu wanaopinga uchangiaji wa mayai au mama mbadala mara nyingi hudai kwamba mila za Kiafrika zilijua umama wa damu tu.

3.0 Mahekalu, mizimu na mizizi: tiba kabla ya hospitali

John Roscoe, mmisionari aliyeandika kuhusu Waganda mwaka 1911, alieleza kwamba mke asiyezaa mara nyingi alirudishwa kwao kwa kuaminiwa kwamba angeizuia hata bustani ya mumewe isizae. Maelezo hayo yamenukuliwa mno na wanazuoni wa Ulaya, na yameacha picha ya mwanamke anayesubiri kufukuzwa. Ushahidi mwingine unamwonyesha akiwa safarini.

Katika Buganda, Mukasa, lubaale wa ziwa mwenye hekalu lake kuu katika kisiwa cha Bubembe huko Ssese, ndiye aliyehusishwa na uzazi na pacha. Kusini-magharibi mwa Uganda na kaskazini mwa Rwanda, wanawake walipeleka haja zao kwa waganga wa Nyabingi, mzimu wa kike. Katika Bunyoro, Rwanda na Burundi palikuwa na ibada za kubandwa, ambamo mtu aliingizwa katika jamaa ya mizimu kama Ryangombe au Kiranga. Iris Berger, aliyezichunguza ibada hizi, ameeleza jinsi uzazi ulivyokuwa kiini cha mamlaka ya wanawake waliozisimamia.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, tiba ya ugumba ilitafutwa hadharani na kwa ushirika. Mwanamke hakwenda peke yake kwa siri. Alisindikizwa, alitoa sadaka mbele za watu, na akirudi alikuwa na jamaa wapya. Pili, tiba hiyo ilikuwa na nguvu ya kisiasa. Muhumuza, kiongozi mashuhuri wa Nyabingi, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911 akazuiliwa Kampala hadi kifo chake mwaka 1945. Serikali ilipopiga vita ibada hizo ilidhani inazima uasi tu. Kwa wanawake wengi, ilikuwa inafunga pia mahali pa kutibiwa.

Pamoja na ibada, zilikuwapo dawa za mitishamba na maarifa ya nyumbani. Katika Buganda, ssenga, shangazi upande wa baba, ndiye aliyemfunza binti mambo ya ndoa, na Sylvia Tamale ameonyesha kwamba nafasi hiyo haikufa bali imebadilika na kuingia mjini. Katika Kiswahili cha Tanzania, waganga na wagonjwa bado huzungumza juu ya chango la uzazi, neno linalokusanya maumivu ya hedhi, ya tumbo la chini na kutoshika mimba. Daktari huweza kuliona neno hilo kuwa halina maana mahususi. Lakini tukilitazama kwa makini, linaunganisha dalili ambazo kweli huandamana katika maambukizi ya nyonga na katika endometriosisi. Mwanamke anayesema ana chango anatoa historia ya ugonjwa wake, ila kwa mpangilio ambao fomu ya hospitali haina nafasi yake.

4.0 Kaswende na tumbo la taifa, 1907 hadi miaka ya 1920

Hospitali iliingia katika suala hili kwa mlango wa hofu. Albert Cook, daktari wa misheni ya Kianglikana, alianzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897. Miaka kumi baadaye yeye na wenzake walikuwa wakionya kwamba Waganda wanakwisha. Kanali F. J. Lambkin wa kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza alitumwa kuchunguza, na mwaka 1908 alichapisha katika jarida la Lancet madai kwamba katika baadhi ya maeneo watu wengi mno, hadi asilimia 90, walikuwa na kaswende. Sababu kuu aliyoitoa haikuwa ya kitabibu. Alidai kwamba ujio wa Ukristo ulikuwa umelegeza udhibiti wa machifu na waume juu ya wanawake, nao wakapata uhuru wa kutembea.

Wanahistoria wa baadaye, miongoni mwao Carol Summers, Megan Vaughan na Michael Tuck, wameyatilia shaka madai hayo. Buba, ugonjwa wa ngozi ambao vimelea vyake ni ndugu wa vile vya kaswende na ambao hauambukizwi kwa kujamiiana, ulichanganywa kwa urahisi na kaswende, hasa pale ambapo utambuzi ulitegemea macho. Palikuwa na kosa jingine ambalo athari yake kwa wanawake ilikuwa kubwa zaidi. Kaswende huharibu mimba na kuua watoto tumboni. Kinachoziba mirija ya uzazi na kuzuia mimba isitungwe ni kisonono, pamoja na klamidia ambayo wakati huo haikuwa ikijulikana. Hivyo kampeni ilielekezwa kwa ugonjwa uliotisha zaidi machoni, huku chanzo kikuu cha ugumba wa mirija kikiachwa kiendelee kimyakimya. Shane Doyle, katika uchunguzi wake wa mwaka 2013 juu ya Buganda, Buhaya na Ankole, anakipa kisonono uzito mkubwa katika kueleza uzazi mdogo wa Buganda na Buhaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Namna kampeni ilivyoendeshwa ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu. Watu walikusanywa kupitia machifu na kuchunguzwa sehemu za siri kwa lazima. Mwaka 1913 Mulago ilianzishwa ikiwa kituo cha magonjwa ya zinaa, kwenye kilima ambacho leo kina hospitali kuu ya rufaa ya nchi. Tiba zenyewe, zebaki na baadaye sindano za misombo ya aseniki, zilikuwa na madhara makali. Upinzani dhidi ya uchunguzi wa lazima ulikuwa mkubwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 mkazo ulihamia kwenye huduma za wajawazito na mafunzo ya wakunga, kazi iliyoongozwa na Katharine Cook kule Namirembe.

Tukilipima jambo hili kwa jicho la mgonjwa, mafunzo matatu yalipandwa kwa wakati mmoja: kwamba kutozaa ni dalili ya uasherati, kwamba uasherati huo ni wa mwanamke, na kwamba kwenda hospitali ni kukubali kuvuliwa nguo mbele ya mamlaka. Ni vigumu kudai kwamba mwanamke aliyekataa kwenda alikosa uelewa. Aliielewa hospitali kama ilivyojitambulisha kwake.

Hali ya Kongo ya Wabelgiji haikuwa tofauti kimsingi. Nancy Rose Hunt (2016) ameeleza jinsi dola ilivyokuwa na wasiwasi juu ya uzazi mdogo katika jimbo la Équateur, wasiwasi ulioambatana na ukatili wa zama za mpira na kazi za shuruti. Anatole Romaniuk, akitumia uchunguzi wa idadi ya watu wa 1955 hadi 1957, alionyesha baadaye kwamba baadhi ya maeneo ya kaskazini mwa Kongo yalikuwa na wanawake wasiozaa kwa viwango visivyo vya kawaida. Ukanda huo wa Afrika ya Kati ulikuja kuitwa na wanademografia ukanda wa ugumba. Ingawa dola ililia kwa ajili ya nguvu kazi na mwanamke alilia kwa ajili ya mtoto, hati za serikali zilikihifadhi kilio cha kwanza tu.

5.0 Penisilini na ukimya wa uzazi wa mpango

Baada ya Vita Kuu ya Pili, penisilini ilibadilisha mambo bila kelele. Kampeni kubwa za miaka ya 1950 dhidi ya buba, zilizoungwa mkono na WHO na UNICEF, pamoja na kuenea kwa zahanati, ziliwafikishia watu wengi antibiotiki ambazo zilitibu maambukizi mengine pia. Viwango vya uzazi vilipanda. Mabinti wa waliokuwa wakiitwa taifa linalokwisha walianza kuzungumziwa kama taifa linalozaa mno.

Geuko hilo ni la msingi katika kuelewa mitazamo ya leo. Chama cha uzazi wa mpango cha Uganda kilianzishwa mwaka 1957, kile cha Tanzania kikafuata mwaka 1959, na Kenya ikawa na mpango wa taifa mwaka 1967. Huduma hizo zimeokoa maisha ya akina mama wengi. Lakini lugha zilizokuja nazo, uzazi wa mpango na uzazi wa majira, zilitoa msamiati mpana wa kuahirisha mimba na hazikutoa hata kirai kimoja kwa mwanamke ambaye mpango wake ni kuipata. Katika kliniki yenye picha ukutani za vidonge, sindano na vijiti, aliyekuja kwa sababu hashiki mimba alijikuta amekosea mlango. Kongamano la Cairo la mwaka 1994 liliiingiza kinga na tiba ya ugumba katika tafsiri ya afya ya uzazi, na serikali zetu zikaridhia. Hata hivyo, bajeti haikuifuata tafsiri.

Pengo hilo lilizibwa na waliokuwa tayari kumsikiliza: waganga wa tiba asilia, makanisa ya uponyaji, masheikh waandikao kombe, na baadaye matangazo ya redio na simu. Kwenda kwa kila mmoja wao kwa zamu kumeitwa kuchanganyikiwa. Ukilinganisha na historia ya Mukasa na Nyabingi, ni mwendelezo wa desturi ya kutafuta. Kiswahili chenyewe kina neno zuri kwa hilo: huyo mwanamke anatafuta mtoto.

6.0 Maabara na maneno yake

Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Ilichukua zaidi ya robo karne teknolojia hiyo kuzaa matunda Uganda, mwaka 2004, katika hospitali binafsi ya wanawake jijini Kampala iliyoongozwa na Dkt. Edward Tamale Sali. Kenya ilifuata mwaka 2006 jijini Nairobi chini ya Dkt. Joshua Noreh. Tangu hapo kliniki zimeongezeka, karibu zote zikiwa za binafsi na za mijini, na malipo ya mzunguko mmoja huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi za Uganda. Mzunguko mmoja hushindwa mara nyingi zaidi kuliko unavyofaulu. Mwanamke anayeuza shamba ili ajaribu mara moja anacheza karata ambayo pengine hakuelezwa idadi yake. Hospitali maalumu ya wanawake ya Mulago, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilibeba matarajio kwamba sekta ya umma ingepunguza mzigo huo.

Mitazamo ya dini imegawanyika. Fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980 iliruhusu utungishaji wa nje ya mwili kwa mume na mke walio katika ndoa, bila mbegu wala yai la mtu wa tatu. Kanisa Katoliki, kwa waraka wake wa mwaka 1987, lilikataa utungishaji wa nje ya mwili hata kwa wanandoa. Kwa hiyo mwanamke Mwislamu na mwenzake Mkatoliki wanaokutana katika foleni moja huko Kampala wanaweza kuwa na maswali tofauti kabisa, na jibu moja la mshauri haliwezi kuwatosha wote wawili.

Hapa ndipo istilahi zinapoleta tatizo ambalo watunga sera hawajalitazama. Vyombo vya habari vya Kiswahili hutumia zaidi kupandikiza mimba. Neno kupandikiza limezoeleka katika kupandikiza figo, na figo hutoka kwa mtu mwingine. Msikilizaji makini hufikia hitimisho la kimantiki kwamba mimba inayopandikizwa nayo ni ya mtu mwingine, na mtoto atakayezaliwa si wa damu ya baba. Hofu hiyo mara nyingi hutajwa kama ujinga wa wananchi, ilhali ni uelewa sahihi wa neno lisilo sahihi. Katika hali ya kawaida ya matibabu haya, mayai ya mke hukomazwa kwa sindano za homoni, huvunwa, hukutanishwa na mbegu za mume katika kisahani cha maabara, na kiinitete hurudishwa katika mji wa mimba uleule siku chache baadaye. Kirai utungishaji mimba nje ya mwili ni kirefu, lakini hakimpotoshi mtu. Mtoto wa chupa nalo ni jina linalomfuata mtoto hadi shuleni, na kwa bahati hata chupa yenyewe haimo katika utaratibu huo.

Mama mbadala huibua swali la aina hiyohiyo: nani ni mbadala wa nani? Anayebeba mimba, au anayemsubiri mtoto? Kwa upande mwingine, kuchangia yai limejengwa juu ya kuchangia damu, tendo ambalo jamii inaliheshimu, na hivyo limeingia kwa urahisi, pengine kupita kiasi, kwani linaficha tofauti baina ya damu inayorudi mwilini na yai lenye nasaba.

Lililo zito zaidi ni matumizi yasiyo thabiti ya ugumba na utasa. Baadhi ya matini za afya hutumia ugumba kwa hali inayoweza kutibika na utasa kwa ile ya kudumu. Nyingine huutaja ugumba kuwa wa mwanamume na utasa kuwa wa mwanamke. Mkanganyiko huu una gharama. Mwanamume huchangia katika takriban nusu ya visa vya ndoa zisizopata mtoto, na kipimo cha mbegu zake ni rahisi na cha bei nafuu kuliko uchunguzi wowote wa mirija. Hata hivyo, mwanamke mara nyingi huanza peke yake, akamaliza vipimo vyote, ndipo mume aulizwe. Istilahi inayoutenga utasa kuwa wa kike inaubariki mpangilio huo.

7.0 Lugha ya sheria zijazo

Suala hili si la kinadharia. Uganda imekuwa na Muswada wa Teknolojia Saidizi za Uzazi wa mwaka 2023 uliosukumwa na Mbunge Sarah Opendi. Kenya imekuwa na muswada unaohusishwa na Mbunge Millie Odhiambo, uliorudi bungeni zaidi ya mara moja. Bunge la Rwanda lilipitisha mwezi Agosti 2025 sheria ya huduma za afya inayogusa uzazi wa kusaidiwa. Wakati huohuo, Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, Tanzania ilikifanya lugha ya sheria mwaka 2021, na Baraza la Mawaziri la Uganda likakipa msukumo mpya mwaka 2022. Mikondo hii miwili itakutana. Fomu ya ridhaa atakayotia saini mwanamke wa Bukoba anayetibiwa Kampala, au wa Goma anayetibiwa Kigali, inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Maneno yake yatakuwa na nguvu ya sheria.

Makala haya yanapendekeza misingi minne. Kwanza, istilahi zitaje hali na ziepuke kumtaja mtu: mwenye tatizo la ugumba badala ya mgumba. Pili, neno ugumba litumike kwa mume na mke sawasawa, na miongozo ya kliniki itake wapimwe pamoja tangu siku ya kwanza. Tatu, kupandikiza libaki kwa viungo vya mwili, na utungishaji wa nje ya mwili upewe jina linaloeleza kinachotendeka. Nne, fomu za ridhaa ziandikwe pamoja na wanawake waliopitia matibabu, na zieleze kwa tarakimu uwezekano wa kufaulu na wa kushindwa kabla ya malipo.

Msingi wa kwanza hauhitaji uvumbuzi, kwa sababu wasemaji wa kawaida walishautangulia. Mswahili mwenye adabu hamwiti mwenzake mgumba. Husema hajajaaliwa, au hajabahatika, au bado anatafuta. Kiambishi -ja- katika ukanushi kinasema kwamba jambo halijatokea hadi sasa, na kinauacha mlango wazi. Tafsiri ya WHO yenye miezi 12 nayo inazungumzia muda, haizungumzii asili ya mtu. Sarufi ya heshima na sayansi ya tiba zinakubaliana katika jambo hili, ilhali nomino ya kale inazipinga zote mbili.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha wanawake waliotembea hadi Bubembe, wakakwepa wakaguzi wa kaswende, wakapita kimya katika kliniki za uzazi wa mpango, na sasa wanakopa ili kuingia maabara. Katika kila hatua walipima faida na hatari kwa taarifa walizokuwa nazo. Anayetaka kubadili mitazamo yao aanze kwa kubadili kinachotazamwa: gharama zishuke, waume waje, uchunguzi ufanywe kwa staha, na kisonono na klamidia zitibiwe mapema, kwa kuwa mrija usiozibwa ni nafuu kuliko maabara yoyote. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo hutumika kuwakumbusha waliozaa wajibu wao. Inaweza pia kuwakumbusha wataalamu wa lugha na wa sera kwamba kulizaa neno jipya ni hatua ndogo, na kwamba kazi iko katika kulilea hadi lifike kwenye kinywa cha muuguzi na sikio la mgonjwa bila kumjeruhi.